Amina Ni Kura

Napenda kuutangazia umma wa Mbulu na Hanang, pamoja na wapenda maendeleo wote popote walipo, kwamba Bodi ya Wakurugenzi ya Kampuni ya Alizeti Nyanda Mbili sasa inakutana kwa ufanisi wa asilimia tisini na nne. Asilimia sita zilizobaki ni chai. Tumejaribu kuipunguza, tumeshindwa. Mbulu kuna baridi.

Tangazo hili natoa mimi, Baltazar, Katibu wa Bodi. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu. Mjumbe akisema jambo la maana, naliandika. Asiposema, naandika "wajumbe walijadili kwa kina." Kwa miaka saba nimeandika sentensi hiyo ya pili mara nyingi kiasi kwamba kalamu inaijua njia yenyewe.

Kwanza muifahamu kampuni. Ni mali ya wakulima. Kila mwenye hisa ama analima alizeti Masakta au Mogitu, ama amerithi hisa ya marehemu aliyelima. Ghala na mashine ya kukamua viko Mogitu, wilaya ya Hanang, karibu na alizeti. Makao makuu yako Mbulu mjini, mbali na alizeti, kwa sababu uongozi unahitaji utulivu. Kutoka ghalani hadi ofisini ni safari ya nusu siku, na jambo hili limetusaidia sana. Tatizo likiondoka Mogitu asubuhi, linafika Mbulu limeshachoka.

Mwenyekiti wetu ni Mheshimiwa Didas Bura, mstaafu wa cheo ambacho kimeelezwa mara nyingi na hakijaeleweka hata mara moja. Anatumia pikapu ya kampuni. Pikapu hiyo ilinunuliwa kwa ajili ya kubeba magunia ya wakulima, lakini mpaka leo haijaona gunia. Inambeba Mwenyekiti, na kwa mujibu wa waraka alioutia saini mwenyewe, hayo ni matumizi ya dharura ya kudumu.

Zamani vikao vyetu vilianza saa tatu asubuhi na kuisha saa kumi na moja jioni. Mwaka juzi tulikaa vikao vitatu kuzungumzia rangi ya pazia la ukumbi. Hatukuafikiana. Dirisha lenyewe halikuwepo, lilikuwa kwenye mpango wa miaka mitano. Mwenyekiti, akiwa amechoshwa na urefu wa vikao ambao yeye ndiye aliyeurefusha, akaagiza aletwe mtaalamu mwelekezi wa ufanisi wa vikao.

Barua ya kukubali kazi ikaja imesainiwa na mtu anayeitwa Wolfgang. Mhasibu wetu, aliyekuwa amehamia kutoka Lindi mwezi ule, akahangaika kutafuta pa kumlaza Mjerumani, akauliza kama mgeni anakula ugali. Sisi wenyeji tulimtazama tu. Wolfgang ni wa Dongobesh, hapa hapa Mbulu; jina ni la ubatizo. Alifika kwa boda boda, ana vumbi mpaka kwenye kope, akamwamkia mlinzi shikamoo kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili, yote mawili kwa usalama. Mhasibu alikuwa ameshakopa uma na kisu.

Mtaalamu alikuja na vifaa vitatu: kengele ya mezani, simu yenye saa ya kupimia sekunde, na Fomu ya Tathmini yenye vipengele thelathini. Bodi ikipata alama tisini kati ya mia itapewa Cheti cha Bodi ya Mfano, chenye fremu. Mwenyekiti aliposikia neno fremu, aliupenda ufanisi kwa moyo wake wote.

Upimaji wa kwanza ulibaini kwamba salamu peke yake zinakula dakika arobaini na moja. Sisi ni wajumbe tisa. Mdogo anamwamkia kila mkubwa, mmoja baada ya mwingine, na mkubwa haitikii marahaba akaishia hapo. Anauliza nyumbani, anauliza watoto, ng'ombe, mvua, na yule ndama aliyekuwa anaharisha mara ya mwisho. Wolfgang akapendekeza shikamoo ya jumla: mdogo kuliko wote anasimama, anatamka mara moja, wakubwa wanaitikia kwa pamoja, sekunde nne.

Tulijaribu mara moja. Mzee Yohanes, mjumbe mwenye miaka themanini na mbili, alisubiri aamkiwe peke yake. Hakuamkiwa. Akanyanyuka, akageuza kiti chake kikatazama ukuta, akakaa. Alikaa hivyo kwa saa tatu. Alipoombwa maoni yake kuhusu mbegu bora, alisema ukuta haujambo.

Shikamoo ikarudishwa kwa azimio la dharura, na ufanisi ukaenda kutafutwa kwingine. Ndipo zilipozaliwa Kanuni. Ya Kwanza: kila agenda dakika tano, kengele ikilia hata sentensi inakatwa. Ya Pili: jambo lisilomalizika ndani ya dakika tano linapelekwa kwenye Maegesho ya Hoja, yaani karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, ambako litatunzwa kwa heshima. Ya Tatu ndiyo iliyotufikisha tulipo. Kwa kuwa kila kikao kinafunguliwa kwa sala, na kwa kuwa baada ya sala huwa tunapoteza dakika ishirini kuthibitisha mambo yasiyo na ubishi, basi mambo hayo yatiwe humo humo ndani ya sala, na Amina ya wajumbe ihesabiwe kuwa kura ya ndiyo.

Kikao cha kwanza chini ya Kanuni ya Tatu kilikuwa cha kupendeza. Mwenyekiti alisali mwenyewe. Alishukuru kwa kumbukumbu za kikao kilichopita, ukurasa wa kwanza hadi wa tisa, zilizokuwa sahihi. Tukasema Amina. Akashukuru kwa taarifa ya robo mwaka. Amina. Mambo sita yalipita kabla hatujafumbua macho. Wolfgang alitoa alama kumi kwa kumi.

Sasa nieleze habari ya mabati.

Mwezi wa nane upepo ulishuka kutoka mlima Hanang ukaezua mabati ishirini ya ghala la Mogitu. Humo ndani mlikuwa na magunia mia sita na kumi na mawili ya alizeti, mavuno ya mwaka mzima ya watu wa Masakta na Mogitu, yakisubiri kukamuliwa. Mashine ilikuwa inamsubiri fundi, fundi alikuwa anasubiri barua yangu, na mimi nilikuwa nasubiri kuagizwa niiandike. Mvua za kwanza huja mwezi wa kumi na moja. Alizeti ikilowa inashika ukungu, na ikishashika ukungu hata kuku wanaichambua kwa mashaka.

Arobaini na moja kati ya magunia hayo yalikuwa ya Mama Evaline wa Masakta, mjumbe wa Bodi anayewakilisha wakulima na mwanamke pekee mezani petu. Alikuwa amelima yeye na jembe lake, na mwaka ule hakuwa amepanda kitu kingine. Kuyachukua magunia ayarudishe nyumbani hakuweza, kwa sababu mzigo ukishaingia ghalani hautoki bila kibali cha Bodi. Alikuwa amelipigia kura sharti hilo mwenyewe, ili kuwazuia wezi.

Habari njema ni kwamba mabati yalikuwepo. Mapya, ishirini na manne, yameegemezwa nyuma ya ofisi ya Mbulu tangu mwaka jana, ya kujengea kibanda cha mlinzi ambacho mchoro wake bado unajadiliwa. Mama Evaline alisafiri siku nzima, akabadili magari, akafika kikaoni na hoja moja: mabati yale yaende Mogitu.

Alieleza vizuri. Alisema upana wa pengo, alisema miezi iliyobaki, alisema Nicodemo mtunza ghala ana misumari na ngazi, anasubiri neno tu. Mwenyekiti akamsifu kwa uzalendo. Kisha akafafanua kwamba kuhamisha mali isiyohamishika ambayo haijawa isiyohamishika, kutoka wilaya moja kwenda nyingine, ni suala mtambuka. Alikuwa bado anafafanua kengele ikalia. Hoja ya paa ikabandikwa kwenye Maegesho, chini ya hoja ya pazia.

Kikao cha mwezi wa tisa Mwenyekiti alisali tena. Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo.

"Baba, tunakushukuru kwa pikapu ya kampuni, ambayo jua la Mbulu linaichubua rangi. Tunakushukuru kwa mabati yaliyo nyuma ya ofisi, ambayo kwa muda yataezeka kivuli cha pikapu hiyo, ili mali ya wakulima idumu."

Tukasema Amina. Hapa lazima niwaeleze wasomaji wa mbali jambo moja. Huku kwetu mtu akiomba, watu hawasubiri mwisho. Wanaitikia kila sentensi inapotua. Ndivyo wazee walivyoombea mvua na mifugo kabla padre wa kwanza hajafika, na padre alipofika alikuta itikio liko tayari, akaliongezea Amina tu. Mtoto wa huku anajifunza kuitikia kabla hajajifunza kusikiliza. Mama Evaline alifumbua macho kwenye neno mabati, lakini mdomo ulikuwa umeshaitikia bila yeye.

Baada ya sala alinivuta pembeni.

"Katibu, hivi mimi nimekubali?"

"Umekubali, mama. Tena kwa sauti."

Akasimama akapinga. Alisema kwa adabu, akaanza na "samahani Mwenyekiti, wewe ni mkubwa wangu," akasema ile haikuwa sala, ilikuwa hoja iliyofunikwa kitambaa, na pikapu hata ikichubuka rangi bado itatembea, lakini alizeti ikilowa haikauki ikawa alizeti tena. Mzee Yohanes alitazama ukuta kwa mazoea. Mwenyekiti akatabasamu kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Mama Evaline, unataka kumbukumbu ziandike kwamba umepinga sala?"

Akakaa. Kwa watu wa parokia ya Masakta, kupinga sala ni habari inayofika nyumbani kabla ya mpingaji.

Ili jambo kama lile lisijirudie, siku hiyo hiyo Mwenyekiti alipitisha Kanuni ya Nne, na niliiandika kwa mwandiko mzuri: sala ya kikao haikatizwi, haijadiliwi, wala azimio lililopita ndani yake halifunguliwi tena hadi mwaka wa fedha uishe. Wolfgang aliuliza kama si kali mno. Mwenyekiti akamwambia ufanisi ni kama dawa ya minyoo, hautolewi nusu.

Kivuli kikajengwa kwa siku mbili. Hakikuhitaji mchoro. Mabati ishirini yakapigiliwa misumari juu ya nguzo nne, manne yakabaki akiba, na pikapu ikalala chini yake imetulia kama bwana harusi. Mama Evaline alipita hapo akienda kupanda gari la kurudi Hanang. Akasimama. Akayahesabu mabati kwa kidole, kisha akaniuliza kama Kanuni ya Nne imeandikwa kwa wino au kwa penseli. Nikamjibu wino. Akasema vizuri, akaaga.

Mwezi wa kumi Nicodemo alianza kunipigia simu. Alikuwa amefunika magunia ya katikati kwa turubai moja lililokuwepo, na turubai lenyewe lina umri wa kampuni. Simu yake ya tano ilikuwa fupi. Alisema mlima umevaa kofia ya mawingu siku ya tatu mfululizo, upepo umegeuka, na kama Bodi inasubiri dalili nyingine basi aambiwe ni ipi aitafute. Nikamjibu kwamba suala lake limeegeshwa. Akauliza kama limeegeshwa chini ya kivuli. Sikuliandika hilo.

Mwenyekiti wakati huo alikuwa na jambo zito zaidi. Kikao kilichofuata ndicho cha tathmini ya mwisho, na Bodi ilikuwa na alama themanini na nane. Zilikosekana mbili tu. Alikaa na Wolfgang wakaipekua fomu, kipengele kwa kipengele, wakakuta alama sita zimelala kwenye kipengele cha ushirikishwaji: sala iongozwe kwa zamu, kuanzia kwa mwanamke, akifuatiwa na Katibu. Mwenyekiti alitia saini ratiba hiyo bila kuketi. Kwake, sala ya mama mkulima ilikuwa kitu cha dakika mbili kuhusu afya na safari njema. Akaniagiza niipake fremu vanishi.

Siku ya kikao Mama Evaline alifika mapema kuliko wote. Alimwamkia kila mkubwa, mmoja mmoja, na kwa Mzee Yohanes alichukua muda mrefu, akauliza mpaka habari za ndama. Ndama alikuwa amepona. Mzee akafurahi, akageuza kiti kikatazama meza. Wolfgang akaweka simu mbele yake akabonyeza saa. Mwenyekiti akatangaza agenda ya kwanza, sala, akamkaribisha mama yetu kwa maneno ya fahari kuhusu nafasi ya mwanamke katika Bodi hii. Kisha akafumba macho kabla ya wote, ili aonekane.

Mama Evaline hakuinua sauti. Aliomba kama watu wa kwao wanavyoomba, sentensi fupi, zinatua.

"Baba, tunakushukuru kwa kutufikisha salama."

Amina.

"Tunakushukuru kwa wazee wetu walioko hapa."

"Amina," alisema Mzee Yohanes, kwa nguvu.

"Tunakushukuru kwa Mwenyekiti wetu, mtu mwenye huruma na wakulima."

Amina. Ya Mwenyekiti niliisikia juu ya zote.

"Tunakushukuru kwa sababu leo hii anayashusha mabati ishirini kutoka kwenye kivuli, na manne ya akiba, yanakwenda ghalani Mogitu."

Amina.

"Tunakushukuru kwa pikapu inayoyabeba, na kwa kuwa imerudi kwenye kazi ya magunia, ambayo kwayo ilinunuliwa."

Amina.

"Tunakushukuru kwa wajumbe hawa, kwa kuwa kikao hiki na vyote vijavyo vinafanyika ndani ya lile ghala, viti vikiwa pale palipoezuliwa, mpaka bati la mwisho lipigiliwe."

Amina.

"Na kwa fundi wa mashine, ambaye Katibu anamwandikia barua leo."

Hapo na mimi nilisema Amina, na kalamu ikaandika.

Watu wakafumbua macho, isipokuwa Mwenyekiti. Alibaki amefumba muda mrefu, nadhani akitumaini kwamba sala inaendelea na itageuka. Wajumbe walitazamana kama watu waliopanda basi wakagundua njiani kwamba silo. Wolfgang akatazama saa. Maazimio manne, dakika moja na sekunde hamsini. Alisema hajawahi kuona kitu kama hicho katika taaluma yake.

Mwenyekiti alipofumbua macho, alisema ile haikuwa sala, ilikuwa hoja.

Mama Evaline alikuwa ameshakaa, anakunja kitenge magotini.

"Mwenyekiti, unataka kumbukumbu ziandike kwamba umepinga sala?"

Nilishika kalamu juu ya karatasi, nikasubiri. Ni wajibu wangu. Mwenyekiti alinitazama mimi, akaitazama kalamu, akaitazama fremu yenye vanishi mbichi. Kisha akamgeukia mtaalamu kuomba mwongozo wa kitaalamu. Wolfgang alifungua Kanuni akasoma ya Nne yote, polepole, pamoja na tarehe na jina la aliyeipendekeza, akaongeza kwamba azimio la kivuli halifunguliwi, lenyewe lilisema kwa muda, na muda umeisha. Mzee Yohanes akauliza kama gari liko tayari, maana yeye miguu yake haipendi kusubiri.

Kivuli kikabomolewa mbele ya Bodi nzima. Mwenyekiti alisimama pembeni na mwamvuli, ingawa Mbulu kulikuwa na jua. Mabati yakapakiwa kwenye pikapu, yakaizidi urefu, na kwa kuwa kwenye kabini alikaa Mzee Yohanes kwa umri na Mama Evaline kwa azimio, Mwenyekiti alisafiri nasi kwenye gari la abiria, amekumbatia cheti ambacho kilikuwa bado hakijatolewa.

Tulifika Mogitu saa tisa alasiri. Mlima haukuwa umevaa kofia, ulikuwa umevaa blanketi zima. Nicodemo, niliyekuwa nimempigia simu, alikuwa ameshapanga viti tisa na meza, amevipima kwa kamba, chini ya pengo, kama azimio lilivyosema. Juu yetu kulikuwa na mbingu ya kijivu ya mraba, na pande zote, magunia mia sita na kumi na mawili yalitukodolea macho kama wenye hisa.

Mwenyekiti akafungua kikao upya, akaanza kufafanua dhana ya ukarabati shirikishi. Tone la kwanza lilianguka kwenye neno dhana. La pili kwenye paji lake la uso. Akapendekeza viti visogezwe hatua mbili kuelekea palipo na paa, kwa sababu za kiafya. Wajumbe wakanyanyuka nusu. Mama Evaline, maji yakimtiririka kwenye kilemba, akauliza kwa upole kama azimio la sala linaweza kufunguliwa kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Tukakaa.

Hapo ndipo nilipoona ufanisi, ndugu zangu. Agenda kumi na nne zilizotushinda tangu mwaka juzi zilimalizika kwa dakika tisa. Rangi ya pazia: nyeupe, hakuna aliyepinga. Mchoro wa kibanda cha mlinzi: ufutwe, mlinzi alale ofisini. Pikapu: ya magunia. Mwenyekiti hakufafanua kitu. Kila agenda alisema "imepita" kabla sijamaliza kuisoma. Kisha akauliza kwa nini mabati bado yako chini, ni nani anayechelewesha.

Nicodemo na wanaume wa Mogitu walikuwa juu ya ukuta tayari. Matundu ya misumari ya kile kivuli waliyaziba kwa vipande vya ndala kuukuu. Kilichokosekana ni mtu wa kushika ngazi, kwa sababu sakafu ilikuwa inateleza. Wote waliobaki chini walikuwa wajumbe, na wajumbe wote walimtazama mtu mmoja. Nimeandika katika kumbukumbu kwamba Mwenyekiti alitoa usimamizi wa karibu. Aliutoa kwa mikono miwili, suti imemgandama, huku Nicodemo akimwambia kutoka juu, "Mzee, shikamoo, bana mguu wa kushoto."

Mvua kubwa ilifika bati la kumi na tisa likipigiliwa. La ishirini lilipigiliwa ndani ya mvua. Magunia machache ya karibu na pengo yalipata rasharasha, yakaanikwa kesho yake, yakapona. Yale arobaini na moja Mama Evaline aliyapapasa moja moja, mkono mzima ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, na alipotoa mkono kutoka la mwisho ulikuwa mkavu. Alijifuta uso, na maji yalikuwa mengi siku hiyo, siwezi kuandika yalikuwa ya nini.

Wolfgang alitangaza matokeo akipiga kelele, maana bati jipya chini ya mvua halina adabu: asilimia tisini na nne. Akakabidhi cheti. Vanishi ilikuwa haijakauka, ikabaki kwenye vidole vya Mwenyekiti, na hakuna mjumbe aliyempa mkono wa pongezi. Alipofika kwenye agenda ya mwisho, sala ya kufunga, aliwatazama watu wote mmoja mmoja, akamtazama na Mama Evaline, akasema kwa mara ya kwanza katika historia ya kampuni kwamba kikao kifungwe bila sala.

Tangu siku hiyo Mwenyekiti amejaribu kuifuta Kanuni ya Nne. Haifutiki, ilipitishwa hadi mwaka wa fedha uishe. Amejaribu kuagiza kila sala iletwe ofisini kwake siku saba kabla, nakala tatu. Mzee Yohanes aliuliza kati ya hizo tatu ya Mungu ni nakala ipi, na agizo likaegeshwa.

Kikao kijacho ni wiki ijayo. Kwa mujibu wa ratiba iliyosainiwa na Mwenyekiti mwenyewe, baada ya mwanamke sala inaongozwa na Katibu, yaani mimi. Sijamwambia mtu nitakachoomba. Wakulima wa Masakta wameniletea mapendekezo, Nicodemo ameleta lake, na mlinzi amekuja na ukurasa mzima kuhusu kulala ofisini.

Juzi asubuhi nilimkuta Mwenyekiti amenisubiri mlangoni pa ofisi, peke yake, kwa miguu. Amenizidi miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nafungua mdomo nimwamkie, akaniwahi.

"Shikamoo, Katibu."

Marahaba ilikataa kutoka. Nikaitikia Amina.